Je, Wajua? Kijiko cha Sukari Kinachozunguka Ndani Yako

Je, wajua kwamba damu yako yote, lita tano hivi, ina sukari ya kijiko kimoja tu cha chai? Ni gramu nne hadi tano za glukosi, basi. Kijiko hicho kimoja ndicho kinachozunguka kutoka utosini hadi ukucha wa kidole cha mwisho cha mguu, na kikipungua sana unaanguka chini.

Shika na hii. Ubongo wako peke yake unakula takriban gramu 120 za glukosi kwa siku, yaani gramu tano kila saa. Piga hesabu mwenyewe: pasipo wa kujazia, ubongo ungeimaliza sukari yote ya damu kwa saa moja! Yuko anayejazia, usiku na mchana, na tutamfikia.

Ubongo huo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatafuna karibu asilimia 20 ya nishati yake. Hata ukilala fofofo, wenyewe unakula.

Hebu tufanye jaribio la mezani. Chukua tonge la ugali usiochovywa kwenye mchuzi, litafune, usimeze. Hesabu hadi 60. Unaona? Limeanza kuwa tamu! Mate yako yana kimeng'enya kinachoukata wanga, na wanga si kitu kingine bali minyororo mirefu ya glukosi iliyoshikana mikono. Hukutia sukari kwenye ugali. Ilikuwamo muda wote, imejificha.

Chembe moja ya glukosi ina atomi 24 tu: kaboni 6, hidrojeni 12, oksijeni 6. Kwa atomi hizo 24 mwanariadha anakimbia, mama ananyonyesha, nawe unasoma mstari huu.

Seli haiichomi glukosi kwa mkupuo kama kuni jikoni. Inaimega kwa hatua 10, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Ikifika ya kumi, glukosi ya kaboni sita imekuwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu, viitwavyo piruveti.

Na biashara yenyewe ni tamu! Kwanza seli inatoa mtaji wa ATP mbili, halafu inavuna nne. ATP ndiyo sarafu ya seli: kukunja kidole, kupepesa jicho, kukumbuka jina la mtu, vyote hulipwa kwa hiyo. Faida ya hatua zote kumi ni ATP mbili.

Hatua hizo 10 karibu ni zilezile kwa mgomba, kwa mbu, kwa papa, kwa hamira na kwako wewe. Ukitaka kujua undugu wa viumbe ulivyo wa kweli, anza hapo.

Oksijeni ikiwapo, vipande vile vya piruveti huingia kwenye mitokondria, vinu vidogo vya seli, na hapo faida inapaa hadi ATP 30 au 32 kwa glukosi moja. Vitabu vya shule vya zamani viliandika 36 au 38. Vipimo vya karibuni vimeishusha hesabu, kwa hiyo ukikuta kitabu cha kaka yako kinabishana na cha mwanao, sasa unajua.

ATP yote iliyomo mwilini mwako wakati huu, ukiikusanya na kuiweka kwenye mizani, haizidi robo kilo. Lakini kwa siku moja unatumia ATP inayokaribia uzito wako mzima! Siri yake? Kila chembe hutumika, hujazwa, hutumika tena, mamia ya mara kwa siku, kama chupa za soda zinazorudi kiwandani.

Anayezijaza ni nani? Ni pangaboi la protini, dogo mno, lililosimikwa kwenye utando wa mitokondria. Linazunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko hutoa ATP tatu. Kweli linazunguka, si lugha ya picha: mwaka 1997 wanasayansi wa Japani walilifunga uzi mdogo unaong'aa, wakautazama kwa hadubini ukizunguka mbele ya macho yao! Mwaka huohuo Paul Boyer na John Walker walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kueleza jinsi linavyofanya kazi.

Linaendeshwa na nini? Umeme! Utando ule ni mwembamba kiasi kwamba volti yake ndogo ya 0.15 hivi, ukiipigia hesabu kwa urefu wa mita moja, inafika volti milioni 30. Unatembea na nguvu za radi, na wala huhisi mtikisiko.

Sasa vuta pumzi. Oksijeni uliyoivuta unadhani ndiyo itakayotoka puani kama hewa ya ukaa? Hapana! Oksijeni ile inageuka maji ndani ya seli zako. Hewa ya ukaa unayotoa huchukua oksijeni yake kwenye chakula na kwenye maji.

Gramu 180 za glukosi zikichomwa hadi mwisho hutoa gramu 264 za hewa ya ukaa na gramu 108 za maji. Kwa hiyo kaboni ya ugali wako wa jana haikwenda mbali. Umeipumua usiku kucha, ikatokea dirishani.

Ngoja, hii itakuacha mdomo wazi. Kilo kwa kilo, mwili wako unatoa joto zaidi kuliko jua, tena zaidi ya mara 5,000! Jua hutuunguza kwa sababu ya ukubwa wake. Ukilikata kilo moja tu, joto lake halifui dafu mbele ya kilo moja ya mtoto anayecheza rede.

Mitokondria zenyewe zilikuwa bakteria! Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita ziliingia ndani ya seli nyingine na hazikutoka tena. Mpaka leo zina DNA yao, jeni 37, na zote umezipata kwa mama yako, naye kwa bibi mzaa mama, naye kwa mama yake.

Lynn Margulis wa Marekani aliyeitetea habari hiyo alikataliwa na majarida zaidi ya kumi kabla andiko lake halijatoka mwaka 1967. Leo liko kwenye vitabu vya sekondari.

Naye mwanasayansi Hans Krebs je? Mwaka 1937, akiwa Sheffield, Uingereza, alikokimbilia baada ya kufukuzwa kazi Ujerumani ya Hitler, alisaga nyama ya kifua cha njiwa na kugundua kwamba vipande vya sukari humalizwa kwa mzunguko: unaanza na asidi ya limau, unazunguka, unarudi palepale. Alipeleka habari hiyo kwa jarida la Nature. Akajibiwa kwamba lina barua za kutosha kwa majuma saba au nane! Akaichapisha kwingine, na mwaka 1953 akachukua Nobel. Kila mwanafunzi wa biolojia leo anaujua mzunguko wa Krebs. Wa kwanza kusomwa ulikuwa wa njiwa.

Wajua kwa nini mihogo michungu hulowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa? Ina sumu ya sianidi, na sianidi hukaba hatua ya mwisho kabisa ya uchomaji wa glukosi, pale oksijeni inapogeuka maji. Oksijeni inakuwapo tele, lakini seli haiwezi kuitumia! Waliovumbua kuloweka hawakuwa na hadubini, nao wamewaokoa mamilioni.

Njaa ikikaza na watu wakaruka siku za kuloweka, huja ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla. Jina hilo ni la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Umeonekana pia Tanzania na Msumbiji, na wanaoumia zaidi ni watoto na akina mama. Usiruke siku hizo, hata wageni wakiwa mlangoni.

Tuje kwenye damu. Seli nyekundu, zipatazo trilioni 25, hubeba oksijeni ya mwili mzima lakini zenyewe haziitumii hata chembe! Hazina mitokondria. Zinaishi siku 120 kwa zile ATP mbili za hatua kumi, kama hamali abebaye magunia ya mchele bandarini, naye anakula muhogo wake.

Misuli nayo ikikimbizwa kuliko oksijeni inavyofika, hurudi kwenye hatua kumi na kutoa lakteti. Watu huilaumu lakteti kwa maumivu ya kesho yake. Inaonewa! Ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika imekwisha kuondoka. Maumivu ya kesho hutoka kwenye michaniko midogo ya misuli. Tena moyo huipenda lakteti, huila kama mafuta ya taa ya akiba.

Inayobaki inaenda wapi? Inasafiri kwa damu hadi kwenye ini, ini linaiunganisha upya kuwa glukosi na kuirudisha kwenye misuli. Taka imekuwa chakula! Mume na mke, Carl na Gerty Cori, waliozaliwa Prague na kuhamia Marekani, waliufunua mzunguko huo. Mwaka 1947 Gerty akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya tiba.

Umewahi kukaa jikoni ukiungojea mkate wa kumimina uumuke? Mchele umesagwa na tui, hamira imetiwa, iliki inanukia, bakuli limefunikwa kitambaa. Baada ya muda unafunua: povu limejaa, vitundu vinapasuka kimoja kimoja. Kila kitundu ni pumzi ya hamira! Imevunja glukosi, ikatoa hewa ya ukaa na tone la pombe, na pombe yenyewe ikapotelea motoni.

Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira na mchanga mpaka seli zote zikapasuka, akakamua maji yake, akayatia sukari ili yasioze. Maji yakaanza kutoa mapovu! Hakuna seli hata moja iliyo hai, na sukari inavunjwa. Hapo ndipo dunia ilipojua kwamba vimeng'enya hufanya kazi hata nje ya seli, na mwaka 1907 Buchner akapewa Nobel.

Na hii nimeihifadhi kwa hamu, maana ni yetu kabisa. Je, wajua kwamba neno la Kiswahili limo katika jina la kiumbe kinachochunguzwa kwenye maabara za dunia nzima? Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani Paul Lindner alikuta chachu ngeni kwenye pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Pombe! Ilikuwa ikivunja glukosi mtungini mwa mama mpishi wa pombe, na sasa ina jina la kisayansi.

Chachu hiyo haichipui pembeni kama hamira ya mkate. Hujigawa katikati, nusu kwa nusu. Kwa kuichunguza, Mwingereza Paul Nurse alieleza jinsi seli zinavyoamua kugawanyika, akashiriki Nobel ya mwaka 2001. Mwaka 2002 ramani ya DNA yake yote ikachapishwa. Watafiti wasiojua hata salamu ya Kiswahili husema pombe kila siku kazini.

Mgema anayeshusha kibuyu cha mnazi asubuhi anaijua kazi hii kwa pua. Utomvu ni mtamu ukidondoka, lakini chachu zilizomo kibuyuni hazisubiri. Kufikia jioni tembo limekuwa kali, na ukilisahau zaidi unapata siki.

Samaki wa dhahabu, yule mwekundu wa kwenye vioo, naye hutengeneza pombe! Huko kaskazini mwa Ulaya mabwawa yakifunikwa na barafu na oksijeni kuisha, yeye na binamu zake huvunja glukosi, huigeuza pombe na kuitoa kupitia matamvua. Binamu hao huishi hivyo kwa miezi.

Kwetu Kenya, Ethiopia na Somalia kuna fuko mdogo asiye na manyoya, mwenye meno ya mbele yaliyochomoza. Anaishi chini ya ardhi, hewa ikiwa nzito kwa msongamano. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni kabisa na akaamka mzima! Hubadili mafuta: anaacha glukosi, anachoma fruktosi, sukari ya matunda, kama mimea inavyofanya. Panya wa kawaida hamalizi dakika moja.

Wapo wanaoiba. Seli nyekundu iliyoingiwa na kijidudu cha malaria huweza kula glukosi hadi mara 100 ya seli nzima! Ndiyo sababu mtoto mwenye malaria kali sukari yake huweza kushuka ghafla, na daktari hupima sukari pamoja na kupima malaria.

Kijidudu cha malale ni mwizi wa aina yake. Kikiwa ndani ya damu yako kinaishi kwa glukosi peke yake, tena hatua saba za kwanza za kuivunja kimezifungia kwenye vifuko maalumu. Kikirudi ndani ya mbung'o kinabadili chakula, kinakula asidi ya amino iitwayo prolini. Na mbung'o mwenyewe? Huruka kwa prolini hiyohiyo! Damu ina sukari kidogo mno ya kumrusha mdudu.

Njia ya kuvunja glukosi si moja. Kuna ya pembeni, inayolinda seli nyekundu dhidi ya kuchakaa, na watu wapatao milioni 400 duniani wamezaliwa na kimeng'enya dhaifu cha kuifungulia, kiitwacho G6PD. Wengi wanatoka mahali penye malaria, maana udhaifu huo humpunguzia mtu malaria kali! Ila dawa ya primakwini huweza kupasua seli zao, hivyo hupimwa kwanza.

Seli za saratani nazo hubugia glukosi kupita kiasi. Mwanasayansi Otto Warburg aliliona hilo tangu miaka ya 1920. Leo hospitali humchoma mgonjwa glukosi yenye mnururisho, kisha kamera hutafuta inakorundikana. Mnururisho huo hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo dawa inakimbizwa kama samaki wa kwenda mnadani.

Basi sasa tumfikie yule anayejazia. Ni ini! Mfaransa Claude Bernard alimlisha mbwa nyama tupu, bila sukari wala wanga, akakuta sukari ndani ya ini. Imetoka wapi? Mwaka 1855 alilipitishia ini maji baridi mpaka sukari yote ikatoka, akaliacha mezani. Siku ya pili yake akapima: sukari imerudi! Ini lililotolewa mwilini, limeoshwa, limelala juu ya meza, bado linatoa sukari. Miaka miwili baadaye akaipata ghala yenyewe: glaikojeni.

Ini huweka akiba ya takriban gramu 100, misuli takriban gramu 400. Lakini sikia tofauti: ini linagawa, misuli haigawi! Misuli haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi irudi kwenye damu. Sukari ikiingia kwenye paja imeingia. Ubongo ukilia njaa, paja halisikii.

Ndiyo maana mbio za marathoni ni mtihani wa ghala. Baada ya kilomita 30 hivi, akiba ya mkimbiaji asiyekunywa sukari njiani huisha, na miguu inakuwa mizito kama imefungiwa mawe. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, alipokimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, sekunde 35, alimaliza kilomita 42.195 na bado alikuwa na mbio za mwisho ndani yake!

Akiba ya ini ikipungua, ini halikai bure. Linaunda glukosi mpya kutoka kwa lakteti, vipande vya protini na mgongo wa mafuta uitwao gliseroli. Kati ya zile hatua 10, saba hurudiwa kinyumenyume. Tatu hazirudiki, kwa hiyo seli imejitengenezea njia za kuzunguka.

Kuvunja glukosi kuwa piruveti kunaleta faida ya ATP mbili. Kuiunda tena kunagharimu sita! Ini hulipa bei hiyo bila kusita, na fedha yake huipata kwa kuchoma mafuta. Figo nazo hulisaidia.

Aliyefunga Ramadhani kwenye pwani yetu hukaa saa 13 na zaidi bila kula, na sukari yake ya damu inabaki karibu na palepale mpaka adhana ya magharibi. Kadiri saa zinavyosogea ndivyo ini linavyozidi kuunda. Kisha inaingia tende, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na katika aina nyingi ni glukosi na fruktosi zilizo tayari. Hazihitaji kukatwa, zinaingia moja kwa moja.

Ng'ombe anakula majani siku nzima na karibu hapati glukosi yoyote tumboni! Bakteria wa tumbo lake huigeuza kuwa asidi kabla yeye hajaigusa. Glukosi yake karibu yote huundwa na ini. Na kila lita ya maziwa inadai gramu 70 hivi, kwa hiyo wa lita 20 kwa siku anaunda karibu kilo moja na nusu ya sukari kwa ajili ya ndoo yako.

Paka hajui utamu! Mwaka 2005 wanasayansi waligundua kwamba jeni yake ya kuonja sukari imeharibika, na ya duma vilevile. Wanakula nyama, na maini yao huunda glukosi kutoka kwenye nyama hiyo bila kupumzika.

Kuku anayechakura uani ana sukari ya damu mara mbili ya yako, hata zaidi, na ni mzima kabisa. Kipimo hichohicho kingemlaza mtu hospitali.

Huko Alaska na Kanada kuna chura wa msituni anayeganda kama jiwe. Moyo unasimama, pumzi inakata, theluthi mbili ya maji ya mwili ni barafu. Barafu inapoanza kumgusa ngozi, ini lake humwaga glukosi hadi zaidi ya mara 40 ya kawaida, na sukari hiyo ndiyo inayozilinda seli. Majira ya kuchipua yakifika anayeyuka, anaruka zake.

Mafuta ya tumboni kwako huwezi kuyageuza glukosi, isipokuwa ule mgongo mdogo wa gliseroli. Lakini karanga inaweza! Ufuta pia. Mbegu ikianza kuchipua, hugeuza mafuta yake kuwa sukari ya kujengea mche, kwa njia ya mkato ambayo sisi hatuna. Punje moja ya karanga inakushinda hapo.

Sukari ikiwa imejaa kwenye damu, nani anaifungulia milango ya misuli? Insulini, kutoka kwenye kongosho. Tarehe 11 Januari 1922 huko Toronto kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kuchomwa sindano yake kwa ajili ya kisukari. Waliokuwa na haki ya ugunduzi walikiuzia chuo kikuu haki hiyo kwa dola moja moja!

Lakini glukosi ya kwanza kabisa hutoka wapi? Kwenye jani. Jani huchukua chembe sita za hewa ya ukaa na maji, na jua likalipa gharama. Kimeng'enya kinachoikamata hewa hiyo, rubisko, ni mvivu: hukamata chembe tatu hivi kwa sekunde. Ndiyo sababu mimea huweka nyingi mno, hata inasemekana ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote duniani.

Mahindi, miwa na mtama vimepata ujanja: huisukuma hewa ya ukaa kwa nguvu hadi mlangoni mwa rubisko. Mimea yenye ujanja huo ni kama asilimia 3 tu ya aina zote, lakini hufanya karibu robo ya kazi yote ya usanisinuru wa nchi kavu. Utauona shambani: jua la saa saba linachoma, muhindi bado unakua.

Mkonge wa Tanga hufanya kazi ya usiku! Mchana hufunga vitundu vya majani yake usipoteze maji. Giza likiingia hufungua, huvuta hewa ya ukaa na kuiweka kama asidi, na asubuhi jua linaikuta tayari. Nanasi hufanya vivyo hivyo. Mkonge uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikanusurika safarini, na mashamba makubwa yakaanzia hapo. Angalia mwaka wenyewe: ndio uleule wa chachu ya pombe.

Tazama kanga uliyojifunga. Pamba ni selulosi kwa zaidi ya asilimia 90, na selulosi ni glukosi tupu, mnyororo mmoja ukiwa na chembe 10,000 na zaidi! Umevaa sukari. Hailiwi kwa sababu kila chembe imefungwa na mwenzake kwa namna ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuifungua. Mchwa wanaweza, kwa msaada wa vijidudu vya matumbo yao, nao hawachagui kati ya mti na sanduku la nguo.

Na ya mwisho, isikilize vizuri. Mwaka 1960 huko Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba mlango wa glukosi kwenye utumbo haufunguki kwa sukari peke yake. Chumvi na sukari huingia pamoja, na maji hufuata nyuma. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya sukari na chumvi. Vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hadi 3.6!

Kwa hiyo mtoto akiharisha, anza kumnywesha kabla hujatafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya. Pakiti ya chumvichumvi ya dukani ndiyo bora. Usipoipata: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo.